MZEITUNI: MTI ULIOBARIKIWA, TUNDA LAKE NA MAANA ZA JINA LAKE

Ndugu msomaji, bila shaka umeisoma Sura At-Tin mara nyingi katika sala zako, na kila mara umetaja tini na zeituni, lakini yumkini hujapata kuuona mzeituni kwa macho yako. Wengi wetu tu hivyo. Tumezaliwa katika nchi za minazi, miembe na migomba, na mti huu twaujua kwa jina tu. Walakini Mwenyezi Mungu hakuutaja mti huu bure katika Kitabu Chake, wala hakuuapia pasipo sababu. Kwa hiyo yatupasa kujua ni mti wa namna gani, tunda lake likoje, na jina lake lina maana gani. Asiyeujua mzeituni hupitwa na sehemu kubwa ya mfano ambao Mwenyezi Mungu ameupiga kwa mzeituni.

MZEITUNI KATIKA KURANI TUKUFU

Mzeituni umetajwa kwa jina mara sita katika Kurani Tukufu. (Katika hesabu ya aya tuitumiayo hapa, Bismillahi ni aya ya kwanza ya sura.) Katika Sura Al-An'am umetajwa mara mbili, aya ya 100 na ya 142, pamoja na mitende na mikomamanga. Katika aya ile ya kwanza tunaamrishwa tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva, maana humo mna ishara kwa watu wanaoamini. Katika ile ya pili tunaruhusiwa kula, lakini tunaamrishwa kutoa haki yake siku ya kuvuna, wala tusifanye israfu. Umetajwa tena katika Sura An-Nahl aya ya 12, Sura An-Nur aya ya 36, Sura Abasa aya ya 30, na mwanzo wa Sura At-Tin. Zaidi ya hayo, Sura Al-Muminun aya ya 21 yataja mti utokao katika mlima wa Sinai, utoao mafuta na kitoweo kwa walao. Hapo jina halikutajwa, lakini wafasiri wamefahamu kuwa ni huu huu mzeituni.

Juu ya kiapo cha Sura At-Tin wafasiri wametoa maelezo mbalimbali. Mujahid na Hasan Basri walisema ni matunda yenyewe wayalayo watu. Qatada alisema kwamba tini ni mlima wa Damaski na zeituni ni mlima wa Yerusalemu. Katika tafsiri za Jumuiya ya Ahmadiyya imeelezwa pia ya kuwa vitu vinne vilivyotajwa katika sura hiyo vinaashiria zama nne za uongofu: tini ni zama za Nabii Adamu a.s., zeituni ni zama za Nabii Nuhu a.s., Mlima Sinai ni zama za Nabii Musa a.s., na Mji wa amani, yaani Makka, ni zama za Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Zeituni imenasibishwa na Nabii Nuhu kwa sababu, kama isimuliavyo Biblia katika kitabu cha Mwanzo, njiwa aliyetumwa kutoka safinani alirudi jioni na jani bichi la mzeituni kinywani mwake. Ndipo Nuhu akajua kwamba maji yamepunguka juu ya nchi. Tangu hapo jani hilo limekuwa alama ya amani baada ya adhabu.

Naye Mtume Mtukufu s.a.w., kama ilivyopokewa na Tirmidhi na Ibn Maja, aliwausia wafuasi wake wale mafuta yake na kujipaka, kwa kuwa yatoka katika mti uliobarikiwa.

JINA NA MAANA ZAKE

Sasa tulitazame jina. Kwa Kiarabu mti huu na tunda lake huitwa zaitun, na mafuta yake huitwa zait. Waebrania husema zayit. Neno zait hapo kale lilikuwa mafuta ya zeituni khasa. Baadaye likaenea, likawa jina la mafuta ya kila namna. Jambo hilo hilo lilitokea kwa Wayunani. Wao waliuita mti elaia, na mafuta yake wakayaita elaion. Warumi wakasema oliva na oleum, na kutokana na neno hilo mataifa mengi ya Ulaya yamepata jina la mafuta katika lugha zao. Hata neno petroli asili yake ni maneno mawili: petra, yaani mwamba, na oleum, yaani mafuta. Basi dereva asimamapo njiani na kuomba petroli, ametaja mzeituni pasipo kujua!

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mti mmoja ulivyoyapa jina lake mafuta yote ya ulimwengu. Kwa nini? Kwa sababu watu wa nchi zile walipofikiri juu ya mafuta, walifikiri juu ya mti huu. Jina na faida vilishikamana hata visiweze kutenganishwa.

Yako na majina mengine yaliyobeba mafuta haya. Chini ya Mlima wa Mizeituni, mashariki ya mji wa Yerusalemu, ipo bustani iitwayo Gethsemane. Maana ya jina hilo ni shinikizo la mafuta, yaani mahali pa kukamulia zeituni. Hapo ndipo Injili zinaposimulia ya kuwa Nabii Isa a.s. alikesha akimlilia Mola wake usiku ule wa taabu. Tena neno Masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta. Na Kristo ni tafsiri ya neno hilo kwa Kiyunani. Wafalme na makuhani wa Bani Israeli walitiwa mafuta waliposimikwa, na kitabu cha Kutoka, mlango wa 30, chaeleza kwamba mafuta hayo matakatifu yalitengenezwa kwa manukato yaliyochanganywa na mafuta ya zeituni. Na huko Tunis msikiti mkuu, ambao kwa karne nyingi ulikuwa chuo mashuhuri cha elimu, huitwa Zaituna.

Hata kwetu Afrika Mashariki jina hili halikukosa nafasi. Wako mabinti wengi wa Kiislamu waitwao Zaituni au Zaituna. Na jambo la ajabu ni kwamba katika Oman na sehemu nyingine za Ghuba, watu husema zaituni na kukusudia pera! Mgeni aombaye zaituni sokoni huko aweza kupewa tunda tamu la mpera. Sisi hatulidharau pera. Ni tunda zuri nalo lina manufaa yake. Lakini ukilikamua pera usiku kucha hutapata mafuta ya kuwasha taa. Lina jina la zaituni, bali mafuta halina. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia.

MTI WENYEWE

Mzeituni si mti mrefu. Shina lake huwa nene, lenye mafundo na mashimo kadiri linavyozeeka. Majani yake ni membamba, rangi ya kijani iliyofifia upande wa juu, na mfano wa fedha upande wa chini. Upepo uvumapo shamba zima hung'aa. Haupukutishi majani yote kwa wakati mmoja, bali hukaa na ukijani mwaka mzima. Huvumilia ukame na ardhi yenye mawe ambayo miti mingine hushindwa kuikaa.

Umri wake ni mrefu mno. Katika kisiwa cha Krete, kijiji cha Vouves, upo mzeituni unaokadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 2,000, na ungali ukizaa. Katika bustani ya Gethsemane imo mizeituni minane ya kale. Wataalamu wa Italia walipoipima, walitangaza mwaka 2012 ya kuwa mashina ya mitatu kati yake ni ya karne ya 11 na ya 12. Mzeituni ukikatwa au kuungua, machipukizi hutoka tena katika mizizi yake. Ndiyo maana wenyeji wa nchi hizo husema kwamba apandaye mzeituni hapandi kwa ajili yake mwenyewe tu, bali kwa ajili ya wajukuu. Huanza kuzaa baada ya miaka kadhaa, na huchukua miaka mingi zaidi kabla ya kufikia uzazi wake kamili.

Liko jambo moja ambalo yafaa tulifikirie. Mzeituni wapenda jua, lakini jua peke yake haliutoshi. Usipopata majira ya baridi hautoi maua ipasavyo, na bila maua hakuna tunda. Hii ndiyo sababu mzeituni uliopandwa katika joto la pwani yetu waweza kuota na kupendeza kwa majani, lakini kuzaa ni shida. Kumbe ule ubaridi ambao mtu angeudhania kuwa adui wa mti, ndani yake imefichwa neema! Vivyo hivyo mja wa Mungu asiyepatwa na majira ya mitihani aweza kuwa na majani mengi na asiwe na tunda.

TUNDA LAKE NA UCHUNGU WAKE

Tunda la mzeituni ni dogo, lenye kokwa moja ngumu. Kwanza huwa la kijani, kisha hugeuka zambarau, na mwisho huwa jeusi. Watu wengine hudhani kwamba zeituni za kijani na zeituni nyeusi ni za miti miwili tofauti. Sivyo, ni tunda lile lile katika nyakati mbalimbali za kuiva kwake.

Mtu achumaye zeituni mtini na kuila hapo hapo ataitema. Ina uchungu mkali utokanao na kitu kiitwacho oleuropeini. Ili iweze kuliwa yapasa ilowekwe katika maji yanayobadilishwa mara kwa mara, au katika maji ya chumvi kwa majuma mengi, mpaka uchungu utoke. Kwa hiyo yule wa kwanza aliyeionja zeituni na kuitupa alikosa baraka, na yule aliyesubiri aliipata. Wangapi huionja dini namna hiyo? Husali siku mbili, hufunga siku moja, huona uzito, kisha husema hakuna utamu.

Lakini faida kubwa ya tunda hili si kuliwa, bali ni mafuta yake. Kazi ya kuyatoa ni ya kale sana. Katika pwani ya Karmeli, mahali paitwapo Kfar Samir, ambapo sasa pamefunikwa na bahari, yamevumbuliwa mabaki ya kokwa za zeituni zilizopondwa yapata miaka 6,500 iliyopita. Njia ya zamani ilikuwa hii: zeituni zilitiwa katika kinu cha mawe, na jiwe kubwa la mviringo likazungushwa juu yake na punda au ngamia, likaponda nyama pamoja na kokwa. Msomaji wa pwani ambaye amesikia habari za ngamia waliokuwa wakizungusha vinu vya ufuta Unguja na Lamu ataielewa kazi hiyo. Kisha rojo lake lilipakwa katika mikeka ya mviringo, mikeka ikapangwa mmoja juu ya mwingine, na gogo zito lenye mawe likaikandamiza. Kilichotiririka kilikuwa maji machungu pamoja na mafuta. Navyo vilipotulia, mafuta yakaelea juu. Siku hizi mitambo ya chuma hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, lakini kanuni ni ile ile: kusaga, kukamua na kutenga. Yahitajiwa yapata kilo 5 za zeituni ili kupata lita 1 ya mafuta.

Mafuta yaliyo bora kabisa ni yale yaliyotolewa kwa kukamuliwa tu, bila kuunguzwa kwa moto wala kutiwa dawa, na asidi yake huru haizidi gramu 0.8 katika gramu 100. Waganga wa leo nao wanayasifu kwa afya ya moyo. Lakini wazee wa zamani waliyathamini kwa jambo jingine kubwa zaidi: yalikuwa taa yao. Kabla ya mafuta ya taa na umeme, nyumba za nchi zile ziliangazwa kwa vitaa vya udongo vyenye utambi uliochovywa katika mafuta ya zeituni. Yaliyo safi huwaka kwa mwali mtulivu wenye moshi mdogo. Na taa ya Hema la Bani Israeli iliamriwa iwashwe kwa mafuta safi ya zeituni zilizopondwa.

MFANO WA NURU

Sasa, ndugu msomaji, tumepata vyombo vya kufahamia aya ya 36 ya Sura An-Nur. Mwenyezi Mungu amepiga humo mfano wa nuru Yake: shubaka lenye taa ndani yake, taa imo ndani ya kioo kinachong'aa kama nyota, nayo huwashwa kwa mafuta ya mti uliobarikiwa, mzeituni usio wa mashariki wala wa magharibi, ambao mafuta yake hukaribia kung'aa hata kabla ya kuguswa na moto. Ndipo inakuwa nuru juu ya nuru.

Wafasiri wa zamani wengi walisema kwamba mzeituni usio wa mashariki wala wa magharibi ni ule usimamao peupe, ambao jua haliukosi asubuhi wala jioni, na kwa hiyo mafuta yake huwa safi kuliko mengine. Masihi Aliyeahidiwa a.s. katika kitabu chake Barahini Ahmadiyya ameieleza aya hii kwa undani. Ameeleza ya kuwa shubaka ni kifua cha Mtume Mtukufu s.a.w., na kioo ni moyo wake uliotakata. Mti uliobarikiwa ni dhati yake yenye baraka kwa viumbe wote. Kutokuwa wa mashariki wala wa magharibi maana yake ni kwamba tabia yake haikuzidi mpaka wala haikupungua, bali ilisimama katika wastani. Na mafuta yanayokaribia kung'aa pasipo moto ni akili yake safi na tabia zake njema za asili, ambazo ziliangaza hata kabla ya ufunuo kushuka. Moto wa ufunuo ulipoyagusa mafuta hayo, ikawa nuru juu ya nuru.

Hapa pana fundisho ambalo halipasi kutupita. Watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla ya kumwita Mtume. Mafuta yalikuwapo, safi, tayari. Moto hauwashi utambi mkavu ila kwa dakika moja, kisha huuteketeza ukabaki moshi na majivu. Vivyo hivyo mtu asiye na ukweli, uaminifu na huruma, akisikia maneno ya dini atawaka kidogo, kisha atatoa moshi wa ugomvi na majivuno. Si kosa la moto. Taa haikuwa na mafuta.

MZEITUNI MWITU

Labda msomaji atasema: hayo ni ya watu wa Shamu na Ulaya, sisi tuna sehemu gani? Basi ajue kwamba katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania upo mzeituni wa asili. Wamasai huuita oloirien, nao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa wa jamii moja na mzeituni wa Shamu. Mti wake ni mgumu, na Wamasai hutumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa, ili maziwa yapate harufu nzuri na yakae bila kuharibika upesi. Lakini matunda yake ni madogo mno, kokwa ni kubwa kuliko nyama, na mafuta yake ni kidogo.

Damu ni moja. Tofauti ni malezi. Kwa maelfu ya miaka watu walichagua miti izaayo vizuri, wakaipogoa, na tawi la mzeituni mwema wakalibandika juu ya shina la mzeituni mwitu. Kazi ya kubandika matawi ya mzeituni ilijulikana sana hata Paulo akaifanya mfano katika waraka wake kwa Warumi, mlango wa 11. Mizizi ya porini, yenye nguvu na uvumilivu, hubeba tawi lenye mafuta, na mti ukawa wenye manufaa kwa watu.

Hivyo twaweza kuwaona watu wa aina tatu. Wa kwanza ni kama lile pera liitwalo zaituni: ana jina tu. Huitwa Abdallah, yaani mtumwa wa Mungu, au Amina, yaani mwaminifu, lakini jirani yake hapati kwake hata tone la mwanga. Wa pili ni kama mzeituni mwitu: asili yake ni njema, mkweli, mgumu katika shida, lakini hakupata mlezi, na wema wake ukabaki mdogo kama tunda lile la porini. Wa tatu ni yule aliyekubali kukatwa na kubandikwa, akavumilia baridi, akasagwa na kukamuliwa na taabu. Huyo ndiye atoaye mafuta, na nyumba ikaangazwa.

Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 9, yamo masimulizi ya miti iliyotaka kujipakia mafuta mfalme. Wa kwanza kuombwa alikuwa mzeituni, nao ulikataa. Haukuwa tayari kuacha unono wake ili ukayumbeyumbe juu ya miti mingine. Mwisho wake ufalme ulipewa mti wa miiba! Basi asiye na mafuta hukimbilia cheo, na mwenye mafuta hushughulika na taa.

Ewe mzazi uliyemwita binti yako Zaituni, umempa jina zuri. Lakini jina ni kibuyu. Kazi ya kukijaza ni yako. Mfundishe kusema kweli tangu udogoni, mzoeze sala, mwonyeshe huruma kwa mfano wako mwenyewe, wala usikate tamaa kwa kuwa matunda hayaonekani mwaka huu wala mwakani. Apandaye mzeituni husubiri. Na wewe, ndugu msomaji, utakapoisoma tena Sura At-Tin katika sala yako, usilipite neno la zeituni upesi. Simama hapo kidogo na uiulize nafsi yako: je, katika taa yangu mna mafuta, au mna jina tu?

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo safi kama kioo kile, atuvumilishe katika kukamuliwa kwetu, na aiguse mioyo yetu kwa nuru Yake. Amin.